Mfamasia Aliyepewa Kalamu

Kwa watu wengi mfamasia ni mtu wa dirishani. Unamkabidhi cheti, anakupa pakiti ya vidonge, anakwambia kimoja asubuhi kimoja jioni baada ya kula, mnaachana. Ndani ya kliniki za Wizara ya Askari wa Zamani ya Marekani, ambayo Wamarekani wenyewe huiita kwa herufi mbili tu, VA, yuko mfamasia wa namna nyingine. Ana chumba chake cha kuonea wagonjwa na ratiba yake ya miadi. Anaweza kuanzisha dawa, kuongeza dozi, kuipunguza, kuifuta kabisa, na kuagiza damu ipimwe figo au sukari, yote bila kumfuata daktari kwa saini. Mjadala juu ya wafamasia hawa huendeshwa kana kwamba suala ni ujuzi: je, mfamasia anajua vya kutosha kuachiwa mgonjwa? Naona swali hilo limewekwa mahali pasipo pake. Ujuzi wa dawa wafamasia wanao kila nchi, na karibu kila nchi unaishia dirishani. Kilichobadilika VA ni mamlaka: anayeliona kosa la dawa ndiye huyo huyo awezaye kulirekebisha, saa ile ile, mgonjwa akiwa bado ameketi mbele yake. Tafiti za miaka karibu thelathini, zikisomwa kwa utulivu, zinaelekea huko, na hata zile zilizowavunja moyo watetezi wa wafamasia zinaiunga mkono hoja hii kwa namna yake.

Tuanze na wagonjwa wenyewe. Waliojiandikisha kutibiwa VA ni zaidi ya milioni 9, katika mtandao wa hospitali zipatazo 170 na kliniki zaidi ya 1,000. Karibu theluthi yao wanaishi mashambani, mbali na hospitali yoyote kubwa. Wamo pia wahamiaji waliovaa sare ya Marekani, wakiwamo watu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa jeshi hilo humpokea mkazi halali wa kudumu hata kabla hajapata uraia. Lakini kundi zito kliniki ni wazee, na miongoni mwa wazee hao ni wale wa vita vya Vietnam. Takriban mmoja kati ya kila wagonjwa wanne wa VA ana kisukari. Tangu mwaka 2001 serikali imekubali kwamba kisukari cha aina ya pili kwa aliyepigana Vietnam kihesabiwe kuwa kimetokana na sumu ya kuua majani iliyomwagwa kule, Agent Orange, bila askari kutakiwa kuthibitisha. Mwaka 2022 sheria mpya ikaongeza shinikizo la damu kwenye orodha hiyo. Juu ya maradhi ya uzee yamelundikana ya vita: magoti na migongo iliyochakaa kwa kubeba mizigo, usingizi uliokatika, jinamizi, msongo wa mawazo, pombe. Kila tatizo lina kidonge chake, na kila kidonge kiliandikwa na mtu tofauti, siku tofauti, kwa nia njema.

Mbele ya mgonjwa wa namna hiyo daktari wa huduma za msingi hana muda. Mwaka 2022 watafiti wa Marekani walikokotoa kwamba daktari mwenye wagonjwa 2,500, akiamua kufuata miongozo yote ya kinga, ya magonjwa sugu na ya dharura ndogo ndogo, angehitaji saa 26.7 kwa siku. Hesabu hiyo haina haja ya mzaha wowote juu yake. VA ni wakarimu zaidi. Daktari wa kutwa hupangiwa wagonjwa wapatao 1,200. Hata hivyo, nusu ya saa 26.7 bado ni siku ndefu kuliko ambayo mtu anaweza kuifanya kwa miaka. Watafiti hao hao walionyesha kwamba kazi ikigawanywa ndani ya timu, saa za daktari zinashuka hadi 9.3. VA ilianza kujenga timu hizo nchi nzima mwaka 2010: daktari au mtaalamu anayeshika nafasi yake, muuguzi, msaidizi wa muuguzi na karani, na pembeni mwao mfamasia mmoja anayehudumia timu kama tatu. Kwa hiyo mfamasia huyo nyuma yake ana watu 3,600 hivi. Hawaoni wote, wala haitakiwi. Anapelekewa wale ambao ugonjwa wao umeshajulikana lakini dawa hazijatulia: sukari inayogoma kushuka, presha inayopanda na kushuka, damu inayotakiwa isigande lakini pia isivuje.

Kazi yenyewe inahitaji uvumilivu kuliko kipaji. Mgonjwa wa insulini haponi kwa ziara moja ya kila baada ya miezi sita. Dozi huongezwa kidogo kidogo, kwa kusoma vipimo vya asubuhi vya wiki nzima, na kila hatua inahitaji mtu wa kuichukua. Daktari mwenye foleni huona sukari iko juu, huongeza dozi mara moja, na kumwambia mgonjwa arudi baada ya miezi mitatu. Katikati hapo hakuna anayeangalia. Mfamasia hupiga simu baada ya wiki mbili, au hupokea vipimo ambavyo mashine ya nyumbani kwa mgonjwa imevituma yenyewe, hubadilisha dozi na kupanga simu nyingine. Ndiyo maana kalamu ina maana. Kama kila badiliko la dozi lingelazimika kupitia kwa daktari na kurudi, ziara kumi za mfamasia zingekuwa jumbe kumi zaidi katika sanduku la daktari yule yule tuliyesema hana muda.

Sehemu ya kazi inayonivutia zaidi ni ile ya kuondoa. Mgonjwa anaanzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Miguu inavimba, jambo ambalo dawa hiyo inajulikana nalo. Mtu mwingine anaona miguu iliyovimba, anaandika furosemidi ya kukojoza maji. Potasiamu inashuka, vinaongezwa vidonge vya potasiamu. Sasa mgonjwa ana dawa tatu kwa tatizo moja, na mbili kati yake zinatibu dawa nyingine. Askari wa zamani wana mitego yao maalumu. Prazosini, dawa ya zamani ya presha, imeandikwa kwa wingi VA kwa ajili ya jinamizi la vita. Mwaka 2018 jaribio kubwa lililofanywa ndani ya VA yenyewe, lenye washiriki 304 katika vituo 13, halikuona tofauti kati ya prazosini na kidonge kisicho na dawa. Wako wanaoapa kwamba inawasaidia, na si kazi ya mtu wa nje kuwabishia. Lakini mzee anayemeza prazosini usiku, tamsulosini ya tezi dume, na dawa mbili za presha asubuhi, ana dawa nne zinazovuta presha chini kwa pamoja, na akiamka usiku kwenda kujisaidia anaweza kuanguka na kuvunjika nyonga. Ongeza hapo ibuprofeni anayojinunulia dukani kwa ajili ya goti, ambayo ikikutana na lisinoprili ya presha na dawa ya kukojoza inaweza kuziumiza figo. Hakuna daktari mmoja aliyefanya kosa katika orodha hiyo. Kosa liko kwenye jumla, na mtu ambaye kazi yake ni kuisoma jumla ndiye huliona.

Kwamba kosa likionekana halirekebishwi lenyewe ndilo fundisho la jaribio lililofanywa katika hospitali ya VA ya Durham, North Carolina, na kuchapishwa mwaka 1996. Joseph Hanlon na wenzake walichukua wagonjwa 208 wenye umri wa miaka 65 na zaidi, kila mmoja akimeza dawa tano au zaidi. Nusu walionana na mfamasia, ambaye aliipitia orodha yao na kumwandikia daktari mapendekezo. Nusu nyingine waliendelea kama kawaida. Alama za dawa zisizofaa zilishuka kwa asilimia 24 kwa kundi la mfamasia, na asilimia 6 tu kwa kundi jingine. Hapo watetezi huishia kusoma. Ukiendelea, unakuta kwamba madaktari walitekeleza mapendekezo kama asilimia 55. Unakuta pia kwamba waliopata madhara ya dawa walikuwa asilimia 30 upande mmoja na 40 upande wa pili, tofauti ambayo kwa idadi ile ya watu haikufikia kiwango cha kuondoa shaka, na kwamba hali ya maisha ya wagonjwa haikutofautiana. Mfamasia wa Durham aliona vizuri na alishauri vizuri. Karibu nusu ya alichokiona kilibaki kwenye karatasi.

Sasa lilinganishe hilo na jaribio la mwaka 2018 la Ronald Victor na wenzake huko Los Angeles. Halikuwa la askari wa zamani, wala halikufanyika kliniki. Lilifanyika kwenye maduka 52 ya vinyozi ya Wamarekani weusi, kwa wateja 319 wenye presha ya juu isiyodhibitiwa. Kwa kundi moja kinyozi aliwahimiza wateja waende kwa daktari na kubadili mtindo wa maisha. Kwa kundi la pili mfamasia alikuja pale pale kinyozini, akapima presha, na kwa makubaliano na madaktari akaandika na kubadilisha dawa mwenyewe. Baada ya miezi sita namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka kwa milimita 27 za zebaki kwa kundi la mfamasia, na 9.3 kwa lile jingine. Waliofikia lengo la chini ya 130 kwa 80 walikuwa asilimia 63.6 dhidi ya 11.7. Ni nadra kuona pengo la ukubwa huo katika tafiti za presha. Wengi walivutiwa na vinyozi, na magazeti yaliwapiga picha. Lakini vinyozi walikuwa katika makundi yote mawili. Kilichotofautiana ni kuwapo kwa mtu mwenye ujuzi wa dawa, aliye karibu, anayerudi mara kwa mara, na asiyehitaji kuomba ruhusa kwa kila kidonge.

Mtu makini atasema kwamba nalinganisha chungwa na ndizi: Durham ilipima ubora wa orodha ya dawa kwa wazee wenye maradhi mengi, Los Angeles ilipima namba moja kwa watu wa umri wa kati. Ni kweli, na siwezi kusema mamlaka pekee ndiyo yaliyoleta tofauti. Ugonjwa mmoja wenye lengo moja ni rahisi kuutibu kuliko orodha ya maradhi manane. Ila pingamizi hilo likichukuliwa kwa uzito linatufundisha jambo la pili, nalo lina ushahidi wake kutoka VA. Mwishoni mwa miaka ya 1990, vituo tisa vya VA vilishiriki jaribio lililoitwa IMPROVE. Wagonjwa 1,054 walioonekana kuwa katika hatari ya matatizo ya dawa waligawanywa: 523 wakapewa mfamasia, 531 wakaachwa na huduma ya kawaida, kwa mwaka mmoja. Matokeo yalikuwa baridi. Hali ya afya kwa maelezo ya wagonjwa wenyewe haikutofautiana. Gharama za matibabu zilipanda kwa pande zote, kidogo zaidi kwa wasio na mfamasia, lakini si kwa tofauti ya kutegemewa. Mahali palipoonekana mabadiliko ni kwa wenye lehemu nyingi kwenye damu, ambao kwao wafamasia waliishusha zaidi kuliko walivyofanya wengine. Yaani mfamasia akitawanywa juu ya kila mtu na kila kitu, anapotea. Akipewa ugonjwa wenye kipimo, na wagonjwa ambao kipimo chao kiko vibaya, anafanya kazi.

Hilo linajibu kwa sehemu pingamizi la wahasibu, ambalo ni zito kuliko la madaktari. Mfamasia wa kliniki si mtu wa bei rahisi. Amesoma shahada ya udaktari wa famasia, mara nyingi ameongeza mwaka mmoja au miwili ya mafunzo ya vitendo hospitalini, na mshahara wake Marekani unalingana na kisomo hicho. Wanaodai kwamba kila dola anayolipwa hurudi mara kadhaa hutegemea zaidi hesabu za kabla na baada, ambazo zina udhaifu wa wazi: mgonjwa hupelekwa kwa mfamasia siku sukari yake iko juu kabisa, na namba iliyo juu kabisa mara nyingi hushuka yenyewe kiasi fulani hata bila mtu kufanya lolote. IMPROVE, lililokuwa na kundi la kulinganisha, halikuona akiba ya kutegemewa. Nionavyo mimi, watetezi wangefanya vyema kuacha kuuza akiba. Hakuna anayemdai daktari wa moyo athibitishe kwamba anaipunguzia serikali matumizi. Kinachonunuliwa hapa ni presha iliyoshuka na miadi iliyopatikana, na hivyo vinapimika bila kupitia kwenye dola.

Kwa nini mamlaka haya yaliwezekana VA kwa upana kuliko mahali pengi kwingineko? Kwanza kwa sababu ya sheria. Leseni za wataalamu wa afya Marekani hutolewa na majimbo, na kila jimbo lina mipaka yake juu ya nini mfamasia anaruhusiwa. VA ni chombo cha serikali kuu. Humtaka mfamasia awe na leseni ya jimbo lolote, kisha yenyewe humwandikia mipaka ya kazi, isipokuwa dawa za kudhibitiwa ambazo zina masharti ya ziada. Utaratibu huo uliwekwa kitaifa mwaka 1995, kipindi ambacho Kenneth Kizer, aliyekuwa mkuu wa huduma za afya za VA, alikuwa akiuhamisha mfumo mzima kutoka kwenye vitanda vya hospitali kwenda kwenye kliniki za huduma za msingi. Pili, jalada la kielektroniki la VA lilikuwa mbele ya wakati wake: mfamasia aliweza kuona vipimo, maelezo ya daktari na dawa zote mahali pamoja, wakati hospitali nyingi za binafsi bado zilikuwa zikihifadhi mafaili ya karatasi. Tatu, na hili husahaulika, vidonge viliondolewa mikononi mwake. Takriban asilimia 80 ya dawa za wagonjwa wa nje wa VA hufungashwa na mitambo katika vituo saba na kutumwa nyumbani kwa posta. Mtu anayehesabu vidonge kutwa hawezi kuwa na kliniki. Kalamu ilikuja baada ya mashine kuchukua trei.

Mwaka 2014 mfumo huo ulijaribiwa kwa aibu. Ilifichuka kwamba hospitali ya VA ya Phoenix, Arizona, ilikuwa na orodha za siri za kuficha urefu wa foleni, na waziri, Eric Shinseki, akajiuzulu Mei 30. Ghafla kila kituo kilitafuta namna ya kupata nafasi za miadi. Hospitali ya VA ya Madison, Wisconsin, ilikuwa imeshawaachia wafamasia ufuatiliaji wa kisukari, presha na magonjwa mengine sugu, na taarifa za mwaka 2016 zilieleza kwamba takriban asilimia 27 ya miadi ya huduma za msingi pale iliweza kuhamia kwao. Ni takwimu ya kituo kimoja, tena kilichokuwa na ari. Lakini homa ya ini aina C ilitoa mfano wa nchi nzima. Tiba mpya za vidonge zilipofika kuanzia mwaka 2014, ghali mno na zenye kugongana na dawa nyingine nyingi, VA ilikuwa na kundi kubwa kuliko lote la wagonjwa hao Marekani, wengi wao wa rika la Vietnam. Wataalamu wa ini wasingetosha. Wafamasia waliwekwa mstari wa mbele kuchagua tiba, kuangalia migongano, na kumfuatilia kila mgonjwa hadi kidonge cha mwisho, na ndani ya miaka michache zaidi ya askari wa zamani 100,000 walikuwa wametibiwa.

Pingamizi la madaktari linajulikana. Chama cha Madaktari cha Marekani kimekuwa kikipinga kwa miaka mingi kupanuliwa kwa mipaka ya kazi za wasio madaktari, na hoja yake ni kwamba kuandika dawa ni tunda la kutambua ugonjwa, na mfamasia hakusomea kutambua ugonjwa. Si hoja ya kupuuzwa kama wivu wa kazi. Nirudi kwenye miguu iliyovimba: mfamasia ataishuku amlodipini, na mara nyingi atakuwa sahihi; lakini huenda ni moyo unaoanza kuchoka. Jibu la VA ni kwamba mfamasia hupokea mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeshatambuliwa, na dalili mpya ikijitokeza humrudisha kwa daktari. Kwenye karatasi mpaka huo umenyooka, kliniki haunyooki. Ninachokiona kama kinga ya kweli ni umbali: daktari na mfamasia wa VA wako korido moja, wanasoma jalada moja na kukutana mara kwa mara juu ya wagonjwa wale wale. Mfamasia mwenye kalamu aliyeketi peke yake dukani, asiyejua kipimo cha moyo kilichofanywa wiki iliyopita, ni jambo jingine kabisa, na wanaotaka kuunyakua mfano wa VA na kuupeleka kwenye maduka ya dawa ya mitaani wanaacha nyuma nusu yake. Wako pia wanaosema kwamba mzee aliyeitumikia nchi anapewa daktari wa daraja la pili. Mzee huyo angeuliza ni nani kati ya hao wawili aliyempigia simu wiki mbili baada ya dozi kubadilishwa.

Kalamu ina makali pande zote mbili, na hakuna mahali panapoonyesha hivyo kama dawa za maumivu za jamii ya afyuni. Katika kituo cha VA cha Tomah, Wisconsin, dozi kubwa za dawa hizo zilitolewa kwa miaka hadi kashfa ikalipuka mwaka 2015. Wakaguzi wa ndani walikuwa wameandika kabla ya hapo kwamba wafamasia wa pale walisita kuyahoji maagizo kwa kuhofia kulipiziwa kisasi. Huyo ndiye mfamasia bila mamlaka: anaona, ananyamaza. Baada ya hapo mambo yaligeuka. Mpango wa usalama wa dawa hizo, uliokuwa umeanza mwaka 2013, uliwatuma wafamasia kuzungumza na madaktari mmoja mmoja juu ya wagonjwa wao, kugawa naloksoni ya kumwokoa aliyezidisha dozi, na kupunguza dozi polepole. Idadi ya waliokuwa wakiandikiwa ikashuka kwa zaidi ya nusu. Lakini mwaka 2020 utafiti juu ya wagonjwa wa VA wapatao milioni 1.4 ulionyesha kwamba baada ya kuachishwa dawa hizo, hatari ya kufa kwa kuzidisha dozi au kujiua ilipanda, na ilipanda zaidi kwa waliokuwa wamezitumia muda mrefu. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kutenganisha kabisa kuachishwa dawa na sababu zilizofanya mtu aachishwe. Hata hivyo unatosha kumtia hofu yeyote anayepimwa kwa idadi ya dozi alizozikata. Mamlaka ya kufuta dawa bila wajibu wa kukaa na mgonjwa baada ya kufuta ni hatari kuliko kutokuwa na mamlaka, na wakubwa wa VA walipaswa kulipima hili mapema zaidi.

Kinachoutishia mpango huu leo ni kuvunjika kwa mazingira yanayouwezesha, zaidi ya upinzani wa madaktari. Jalada jipya la kielektroniki, lililoanza kutumika Spokane katika jimbo la Washington mwezi Oktoba 2020 na kufika Columbus, Ohio, mwaka 2022, lilikuja na hitilafu nyingi upande wa dawa hivi kwamba wafamasia wengine walilazimika kuongezwa kwa ajili ya kukagua kwa mkono mambo ambayo mfumo wa zamani ulikuwa ukiyafanya wenyewe; mwezi Aprili 2023 VA ikasimamisha kulieneza jalada hilo jipya. Kila saa ambayo mfamasia anaitumia kuhakiki orodha isiyoaminika ni saa iliyotoka kwenye kliniki yake. Halafu iko Sheria ya MISSION ya mwaka 2018, iliyompa askari wa zamani haki pana zaidi ya kutibiwa kwa daktari wa nje kwa gharama ya VA pale anapoishi mbali au anaposubiri mno. Nia yake haina ubaya. Mzee wa Montana asiendeshe gari saa nne kwa ajili ya ziara ya dakika ishirini. Tatizo ni kile kinachonunuliwa kule nje. Malipo kwa watoa huduma hao kwa kawaida hufuata viwango vya Medicare, bima ya serikali kwa wazee, na sehemu ya Medicare inayolipia ziara za kliniki haimtambui mfamasia kama mtoa huduma anayeweza kudai malipo kwa jina lake. Daktari wa mji mdogo hana njia rahisi ya kumwajiri mfamasia wa kusimamia insulini, kwa kuwa hakuna wa kumlipia simu zile za kila wiki mbili. Fedha inapomfuata mgonjwa kwenda nje ya VA, humnunulia daktari na kipimo na kidonge. Mfamasia mwenye kalamu habebeki katika bahasha hiyo, na mgonjwa wa insulini hurudi kwenye dozi inayobadilishwa mara moja kila miezi mitatu.